Nani anaongoza duniani kwa kilimo? Jibu kwa mwalimu wa Masasi

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nafundisha jiografia sekondari huku Masasi. Juzi Kidato cha Pili walinibana: nchi gani inaongoza duniani kwa mazao ya kilimo? Kitabu chetu cha zamani kinataja Marekani. Mwanafunzi mmoja kaona kwenye simu kwamba ni China. Mwingine anashikilia Uholanzi, maana mjomba wake yuko huko na ndivyo anavyowaambia. Nimewaahidi jibu. Wakaniongezea na hili: sisi wenye korosho tuko wapi?"

Marahaba, mwalimu. Wamekubana pazuri. Ukitaka jibu la mstari mmoja la kuandika ubaoni, andika China. Ukijumlisha kila kinachotoka shambani na zizini, kwa uzito au kwa thamani yake, China iko mbele. Kwa thamani, India inafuata kwa mbali, Marekani ni ya tatu. Lakini usimkatize yule wa Uholanzi, na hicho kitabu cha zamani usikitupe. Kila mmoja wao amejibu swali lake. Kuna swali la nani anavuna zaidi, na kuna la nani anauza zaidi nje. Kuna pia la tatu, ambalo watoto wa Masasi wanastahili kulijua kuliko watoto wengi: mazao yakishauzwa, fedha inabaki kwa nani.

China ina zaidi ya moja ya sita ya watu wote duniani, na ardhi yake ya kulima haifiki hata moja ya kumi ya ardhi yote inayolimwa duniani. Hata hivyo mwaka 2024 walivuna zaidi ya tani milioni 700 za nafaka, kwa hesabu yao inayochanganya pia jamii ya kunde na viazi. Mboga za dunia, karibu nusu zinatoka kwao. Nguruwe nao ni hivyohivyo. Usidhani haya yanafanywa na mashamba makubwa ya matrekta. Familia nyingi za wakulima wa China zinalima chini ya hekta moja. Hadi mwaka 1978 ardhi ililimwa kwa pamoja, watu wakigawana kidogo kilichopatikana. Mwaka huo, katika kijiji cha Xiaogang jimboni Anhui, wakulima 18 walitia saini kwa siri mkataba wa kugawana mashamba, kila kaya ilime chake, itoe fungu la serikali na ibaki na ziada. Serikali ilipoona mavuno, badala ya kuwaadhibu, iliruhusu utaratibu huo usambae nchi nzima. Ongeza mbolea nyingi, umwagiliaji, na mpunga chotara ulioanzishwa na Yuan Longping miaka ya 1970, ndipo utaelewa walivyofika hapo.

Sasa waulize wanafunzi: nchi inayovuna kuliko zote, je, inajitosheleza? Haijitoshelezi. China ndiyo pia mnunuzi mkubwa kuliko wote. Kila mwaka inaagiza kama tani milioni 100 za soya ili wale nguruwe na kuku wapate chakula na watu wapate mafuta. Soya hiyo nyingi inatoka Brazil, nitakakorudi muda si mrefu.

India nayo ni ya wakulima wadogo. Shamba la wastani lina zaidi kidogo ya hekta moja, yaani kama ekari mbili na nusu, ambazo wazazi wengi wa wanafunzi wako wanazo. Lakini ndiyo nchi ya kwanza duniani kwa maziwa, zaidi ya tani milioni 200 kwa mwaka, karibu nusu yakiwa ya nyati wa kufugwa. Maziwa hayo yanakusanywa lita mbili huku, lita tatu kule, asubuhi na jioni, kwenye vyama vya ushirika vya vijiji. Mfumo huo uliota Anand, jimbo la Gujarat, na kuanzia mwaka 1970 Verghese Kurien na wenzake waliueneza nchi nzima. Hata hivyo ukitafuta maziwa ya India dukani Dar es Salaam hutayaona, maana Wahindi wanayanywa na kuyapika wenyewe. Unayoweza kuyakuta ni ya New Zealand, ambayo kwa wingi haifikii hata sehemu ya kumi ya ya India, ila karibu yote inayauza nje. Ukiwapa mfano huu mmoja tu, wanafunzi wako wataacha kuchanganya anayezalisha na anayeuza.

Kwenye mchele India ina vyote viwili. Yenyewe na China kila moja inavuna zaidi ya tani milioni 200 za mpunga kwa mwaka, lakini China inaula wake, wakati India inashika karibu asilimia 40 ya mchele wote unaouzwa kati ya nchi na nchi. Ndiyo maana Julai 2023, Delhi ilipozuia mchele mweupe wa kawaida usiuzwe nje, bei ya mchele duniani ilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka kama 15. Zuio lile liliondolewa Septemba 2024. Ngano nayo ina kisa kama hicho: China na India ndizo zinazovuna nyingi zaidi, ila msafirishaji mkubwa ni Urusi, na vita vilipoanza Bahari Nyeusi mwaka 2022 wauza maandazi wa kwetu waliipata habari kwa bei ya unga.

Marekani, ya kitabu chenu, ni ya mahindi. Mwaka 2023 walivuna karibu tani milioni 390. Hekta moja inawapa kama tani 11, na sisi wastani wetu unazunguka kwenye tani moja na nusu hadi mbili. Nimesikia wataalamu wenzangu wakiueleza mwanya huo kwa neno moja, udongo, na sikubaliani nao. Udongo wa jimbo lao la Iowa ni mzuri kweli, lakini kinachobeba mavuno yale ni mbegu inayofika kwa wakati, mbolea ya kutosha, mkopo, bima, reli, na majahazi ya Mto Mississippi yanayoshusha nafaka hadi bandarini kwa gharama ndogo. Mahindi yenyewe ni ya njano, na watu wanaoyala kama sisi tunavyokula ugali ni wachache sana. Zaidi ya theluthi inageuzwa ethanoli ya kuendeshea magari, na fungu kama hilo linalishwa mifugo. Kwa miaka mingi Marekani ndiyo iliyoongoza kwa kuuza mazao nje, na hapo kitabu chenu kilikuwa sahihi. Siku hizi kuna miaka ambayo inanunua chakula kutoka nje kwa fedha nyingi kuliko inayoingiza kwa kuuza.

Anayeikimbiza ni Brazil. Niruhusu nikae hapa kidogo, maana habari hii imenigusa kuliko nyingine zote nilizosoma katika kazi yangu.

Hadi miaka ya 1970 Brazil ilikuwa inajulikana kwa kahawa na sukari, na chakula cha kawaida ilikuwa inaagiza. Katikati ya nchi kulikuwa na nyika inayoitwa Cerrado, yenye kama kilomita za mraba milioni mbili, zaidi ya Tanzania mbili. Miti mifupi iliyopinda, nyasi, udongo mwekundu. Ukimpeleka mtu wa Tabora au Nachingwea pale atadhani yuko porini kwao. Udongo ule ulikuwa na tindikali kali na alumini inayounguza mizizi, na hata Wabrazili wenyewe waliuona haufai. Mwaka 1973 serikali ilianzisha shirika la utafiti wa kilimo, Embrapa, ikapeleka vijana wengi kusoma nje, wakarudi na kuingia maabara na mashambani. Kitu cha kwanza kilikuwa chokaa, tani kwa tani kwenye kila hekta, hadi tindikali ikapungua. Kisha wakahangaika na soya, zao la nchi za baridi linalosubiri mchana ufupike ndipo litoe maua. Karibu na ikweta lilikuwa linatoa maua likiwa bado fupi, mavuno kiduchu. Watafiti walizalisha mbegu zisizosumbuliwa na hilo. Naye Johanna Döbereiner, mwanasayansi aliyehamia Brazil kutoka Ulaya, alisimama kidete kwamba soya ilishwe na bakteria wanaokaa kwenye mizizi na kuivutia naitrojeni ya hewani, badala ya kutegemea mbolea ya viwandani. Mpaka leo mkulima wa kule huchanganya bakteria hao na mbegu kabla ya kupanda, na soya yake haihitaji urea.

Matokeo yake ni zaidi ya tani milioni 150 za soya kwa mwaka, nyingi kuliko za nchi yoyote. Wakishavuna soya, siku hiyohiyo mashine nyingine inafuata nyuma ikipanda mahindi kwenye unyevu uliobaki. Msimu huo wa pili waliuita "mavuno madogo", na leo ndio unaowapa mahindi mengi zaidi. Mwaka 2023 waliipita Marekani hata kwa mahindi yanayouzwa nje. Kahawa, sukari, juisi ya machungwa, nyama ya ng'ombe, kuku, kote huko ni wa kwanza sokoni. Hata mkonge, ambao Tanganyika iliongoza dunia nzima hadi miaka ya 1960, sasa Brazil ndiyo ya kwanza na sisi tunafuata.

Waambie wanafunzi na upande wa pili. Karibu nusu ya uoto wa asili wa Cerrado umekwisha, na msitu wa Amazon unaendelea kufyekwa kwa ajili ya malisho. Mbolea wanayotumia, kama asilimia 85 inaagizwa kutoka nje, kwa hiyo nchi hiyo kubwa inalima kwa ridhaa ya wauza mbolea wa mbali. Na kuna jambo ambalo watoto wa Masasi watalipenda: nyasi zinazolisha ng'ombe wengi wa Brazil ni za jamii ya brachiaria, asili yake Afrika, nyingine kutoka huku kwetu mashariki. Mkorosho wenu, wenyewe, ulitoka Brazil. Wareno ndio walioleta mbegu zake pwani yetu.

Sasa tumsikilize yule mwenye mjomba. Uholanzi nzima inaingia ndani ya Mkoa wa Lindi na nafasi inabaki. Lakini kila mwaka inauza nje bidhaa za kilimo zenye thamani ya zaidi ya yuro bilioni 120, na kwa miaka mingi ilihesabiwa ya pili duniani nyuma ya Marekani. Sehemu ya sifa hiyo ni jasho lao kabisa. Nyanya zao kwenye mabanda ya vioo hutoa karibu tani 500 kwa hekta. Mbegu za mboga zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo hapa nchini, soma kopo, utaona baadhi zimeandikwa zimetoka huko. Lakini karibu theluthi ya mauzo hayo ni bidhaa zilizopita tu. Waridi linakatwa Naivasha asubuhi, linapozwa, linapanda ndege Nairobi, na mara nyingi linaingia mnadani Aalsmeer, karibu na Amsterdam. Likitoka hapo kwenda Ujerumani, kwenye vitabu linaandikwa limeuzwa na Uholanzi. Kakao ni hivyohivyo: inalimwa Kodivaa (Ivory Coast) na Ghana, na bandari kubwa ya kakao duniani ni Amsterdam. Mjomba hakudanganya. Ameona mlango, na mlango wenyewe ni mkubwa kweli.

Kabla sijafika kwenye korosho, neno kuhusu tarakimu zenyewe, maana nimezikusanya kwa miguu yangu. Kwenye mahindi tunapima mraba shambani kwa kamba na vigingi, tunavuna kilichomo, tunakausha, tunapima, tunazidisha kwa eneo. Hiyo inaaminika. Kwenye muhogo ni kazi nyingine. Mama anachimba mashina matatu leo ya chakula cha jioni, manne keshokutwa, mwaka mzima, na mengine yanakaa ardhini miaka miwili. Ukimuuliza umevuna magunia mangapi, anakutazama kwa huruma, kwa sababu hajawahi kujaza gunia. Kwa hiyo ukisoma kwamba Nigeria inaongoza duniani kwa muhogo, ni kweli, tena kwa mbali, lakini zile tani zina makadirio mengi ndani yake. Ndizi za Bukoba na Masaka nazo zinaliwa nyumbani. Dunia inaijua Ecuador kwa ndizi kwa sababu inauza, wakati mvunaji mkubwa ni India na walaji wakubwa kwa kila kichwa ni majirani zetu wa Uganda. Chai nayo, China inavuna nyingi zaidi, ila mnada wa Mombasa ndio unaotikisa bei ya chai nyeusi, na Kenya inauza nje karibu yote inayochuma.

Karafuu ndiyo inayonifundisha zaidi. Vizazi kadhaa vya Watanzania tumesoma kwamba Zanzibar inaongoza duniani, na iliongoza kweli kwa zaidi ya miaka mia. Miche ililetwa mwanzoni mwa karne ya 19, Seyyid Said akasisitiza ipandwe, kimbunga cha mwaka 1872 kikaiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikashika usukani. Lakini asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na Waindonesia wanachanganya karafuu na tumbaku kwenye sigara zao za kretek. Kwa miaka mingi walikuwa wateja wakubwa wa Zanzibar. Kisha wakapanda mikarafuu yao kwa wingi, na ilipokomaa, miaka ya 1980, soko letu likaporomoka. Leo Indonesia inavuna karafuu nyingi kuliko wote, nyingi zinaishia kwenye sigara zao, na Zanzibar pamoja na Madagascar zinasikika sokoni kuliko ukubwa wa mavuno yao.

Niliwahi kukaa Wete msimu wa uchumaji. Jioni nyumba nzima iko mkekani, bibi hadi mtoto wa darasa la pili, wanachambua. Shada linawekwa kiganjani, linazungushwa mara moja, karafuu zinadondoka huku, makonyo kule. Mchana zinaanikwa kwenye majamvi, na wingu likionekana upande wa bahari kila mtu anakimbia, kwa sababu karafuu iliyonyeshewa inapoteza rangi na daraja. Hakuna aliyeniuliza Pemba ni ya ngapi duniani. Waliuliza bei ya mwaka huu.

Haya, korosho. Anayeongoza kwa korosho ghafi sasa ni Kodivaa, zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka, nchi ambayo miaka thelathini iliyopita haikutajwa kwenye zao hili. Zamani walioongoza walikuwa majirani zenu ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, na sisi nyuma yao. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kama tani 145,000. Kisha watu wakahamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki nyuma bila kupaliliwa, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, bei ikawa mbaya, na kufikia msimu wa 1986/87 tulikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa wakati huohuo vilikosa korosho, vingi vikafungwa. Wazee wa Masasi watawasimulia wanafunzi haya vizuri kuliko mimi. Tuliinuka tena kwa dawa ya salfa, kwa miche mipya na kwa minada ya stakabadhi ghalani (mkulima anaweka korosho ghalani, anapewa stakabadhi, mzigo unauzwa mnadani), na misimu ya karibuni tumevuna zaidi ya tani laki tatu. Kwa hiyo andika ubaoni bila woga: Tanzania ni miongoni mwa wakubwa wa korosho Afrika na duniani.

Ila aliye mbele kwa kuuza korosho iliyobanguliwa ni Vietnam. Inalima zake, lakini hazitoshi viwanda vyake, kwa hiyo inanunua ghafi kutoka Kambodia, Afrika Magharibi na hapa kwetu. Inabangua, inapanga madaraja, inafunga na kupeleka Marekani na Ulaya. Kwenye kilo 100 za korosho ghafi, kiini ni kilo 20 na kitu tu, iliyobaki ni ganda na ngozi. Gunia likipanda meli Mtwara, sehemu kubwa ya uzito unaolipiwa nauli ni ganda. Na kazi ya kuliondoa ganda hilo, pamoja na mshahara wake, iko ng'ambo ya bahari.

Nina ombi moja kwa ajili ya hilo darasa. Mwambie kila mwanafunzi alete kiganja cha korosho ghafi. Zikifika kilo moja, zipimeni kwenye mizani ya duka, zikaangeni nje kwenye bati, mkikaa upande ule upepo unakotoka ili moshi usiwaingie machoni, zibangueni, kisha mpime viini peke yake. Mkishapata gramu zake, muulize mwenye duka bei ya kiini, na muulize mzazi mmoja bei aliyolipwa mnadani kwa kilo ya ghafi. Fanyeni hesabu hiyo ubaoni, chini ya yale majina ya nchi. Ila kabla ya kubangua wapake mafuta ya kula au majivu mikononi, maana utomvu wa ganda unababua vibaya.